Taa ya Barazani

Tangu kura ya siri ifutwe, taa ya kila baraza mjini Pell Creek, Nebraska, huwaka rangi ya kura za waliomo ndani: nyekundu kwa wahafidhina, buluu kwa wapinzani wao. Asiyepiga hubaki gizani, na nyumba yenye giza hupigwa mawe.

Jioni ile ya uchaguzi mtaa mzima ulikuwa mwekundu. Taa ya Dwight na mkewe Lorna ikawaka zambarau, nyekundu iliyochanganyika na buluu: rangi ya nyumba iliyogawanyika.

"Balbu mbovu hii!" Dwight akafoka, akapanda ngazi. Lorna akaishikilia. Majirani walishatoka nje kutazama.

Balbu mpya nayo ikawaka zambarau. Akabadilisha tena, zambarau ileile.

Dwight akaiachia balbu. Akainamisha kichwa taratibu, akamtazama Lorna pale chini.

"Mke wangu," akauliza kwa upole asiokuwa nao siku zote, "mbona ngazi inatetemeka?"