Alama Nane Nyekundu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Evalina alijilaza chali chini ya pikapu na kuzigusa alama nane. Alizichora mwenyewe kwa rangi nyekundu ya kucha, kila moja ikianzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma kilichobanwa na nati hiyo. Nati hizo nane ndizo zilizoshikilia springi mpya kwenye ekseli ya nyuma. Mstari ukiwa umenyooka, nati haijaguswa.

Jumatatu mistari haikuwa imenyooka. Yote minane ilikuwa imekatika katikati, nusu moja huku, nusu nyingine kule.

Alibaki pale chini akihesabu siku. Zilikuwa zimebaki siku tano aende Bariadi kwenye mashindano ya magari ya zamani, mizunguko kumi ya uwanja wa vumbi. Springi ikihama kwenye kona, gari linabingirika, naye yumo ndani.

Upande wa pili wa ua, Mwandu alikuwa akikamua ng'ombe.

"Mwangaluka," alimsalimu bila kugeuka, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu. Na kama kila asubuhi, Evalina hakuitikia.

Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake. Ilibeba pamba ya nusu ya kijiji cha Migato mpaka springi zikalala. Mwandu, mume mpya wa mama yake, alifika hapo na ng'ombe saba na kigoda kimoja, baada ya kuendesha malori ya pamba ya watu kwa miaka ishirini. Evalina alimpokea kwa maneno, tena mbele ya wageni: "Nyumba umeikuta, mke umempata. Gari la baba yangu usiliguse, wala usinisemeshe habari zake."

Springi ngumu na shokapu mpya alizifuata Mwanza, akazifunga peke yake, simu imeegemezwa kwenye tairi, akifuata video. Mwandu aliketi kwenye kigoda chake akitazama na kutema mate vumbini. Jumapili, Evalina alipolirudisha gari kutoka kulijaribu, alimkuta amesimama njiani.

"Kitu kimezoea pamba, wewe unataka kikimbie kama swala," Mwandu alisema. "Linalia huko nyuma. Hizo nati..."

"Nani kakuuliza?"

"Haya. Ingia nalo uwanjani hivyohivyo. Utakufa."

Neno hilo ndilo lililomrudia Jumatatu. Alilipandisha gari kwenye jeki, akazifungua nati zote. Ziligoma. Ikabidi avalishe bomba kwenye mpini wa spana na kuning'inia kwa uzito wake wote. Vumbi hili, alijisemea. Akazikaza upya, akachora alama upya, akalishusha gari.

Jumanne mistari ilikatika tena. Jumatano tena. Alhamisi aliikuta spana, aliyoiacha kavu juu ya tairi, ina utelezi. Akainusa.

Maziwa.

"Mayu, ni yeye," alimwambia mama yake, Milembe, aliyekuwa akipepeta choroko. "Anataka nife. Leo uchague, aondoke yeye au niondoke mimi."

"Mwandu ana mdomo mchafu, najua. Lakini moyo wake..."

"Moyo gani? Si amenitamkia mwenyewe kwamba nitakufa?"

Milembe aliinamia ungo wake. Jioni hiyo, katika nyumba ya watu watatu, ugali uliliwa mahali patatu.

Ijumaa ikawa yaleyale: mistari imekatika, jeki, bomba, spana, rangi ya kucha. Kichupa kilikuwa kimebakiza tone.

Jumamosi, siku ya mashindano, Evalina aliwahi kuamka, akajibanza nyuma ya ghala la pamba. Kulipoanza kupambazuka, Mwandu alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Akaiweka chini. Akatazama mlango wa nyumba, akaichukua spana, akajiingiza chini ya pikapu.

Chuma kikalia. Evalina alimwacha azungushe nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, asije akapata la kujitetea. Kisha akamrukia, akamshika miguu yote miwili na kumburuta nje. Shati likapanda mgongoni. Ndoo ikapinduka.

"Muuaji! Mayu, toka umwone mumeo!"

Milembe alitoka mbio, kanga bado mkononi. Vichwa vya majirani vilichomoza juu ya ua wa minyaa. Evalina alikuwa ameshakibeba kigoda cha Mwandu. Akakirusha mpaka barabarani.

"Kifuate! Ulikuja nacho, ondoka nacho. Ng'ombe wako utawachukua mchana."

"Sema neno, Mwandu," Milembe alisihi. "Sema basi, watu wanatazama."

Mwandu alikaa vumbini, kiwiko kikivuja damu, maziwa yakimlowesha suruali. Alimtazama mkewe. Akamtazama Evalina kama mtu anayetafuta tusi la kutosha.

"Unakaza gari likiwa juu ya jeki," alisema. "Likishuka likabeba uzito wake, nati zinalegea. Kila alfajiri nazikaza. Kila asubuhi unazifungua."

Akamnyooshea spana.

"Upande wa kushoto tayari. Wa kulia malizia mwenyewe, mwanangu, ndipo niondoke."