Ushanga wa Kupimia Matumbawe

Kifuniko cha sufuria ya chai kiligongagonga kabla hakujapambazuka. Nyanya alishika kwa mikono miwili picha aliyoletewa na mjukuu wake, Nasieku.

Bahari ilipopata joto mwaka 1998, matumbawe mengi yalikufa, na Nasieku, aliyekuwa akiyatunza huko pwani, akarudi nyumbani Noonkopir akilia. Nyanya alimwambia, "Panda vipande vya yale yaliyopona. Sisi wafugaji baada ya kiangazi tunazalisha ng'ombe aliyebaki amesimama." Akampa uzi wa ushanga wa kupimia yanavyokua.

"Koko," Nasieku alimwita nyanya yake kwa Kimaasai, "mwaka huu joto lilirudi."

"Yakafa?"

"Angalia ushanga wako hapo pichani."

Ushanga uliokuwa umezunguka tumbawe mara mbili lilipopandwa, sasa haukutosha hata mara moja.

Nyanya akapiga vigelegele hadi majirani wakaamka. "Uje tena Krismasi, mama. Nitakuwa nimekutungia mrefu zaidi!"