Kitufe cha Kulia

Kompyuta ilipomaliza kusasishwa, mipangilio yote ambayo Mwaja alimwekea mumewe Kibwana ilikuwa imefutika. Tangu kiharusi kiulaze mkono wake wa kulia, kila amri iliitikia kidole kimoja cha kushoto: kufungua dirisha, kulifunga, kulisogeza kando. Sasa kila kitu kilitaka vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, vibonyezwe pamoja.

“Nisamehe, Baba Rehani. Nilipoisasisha nilidhani nakufanyia wema.”

“Wema wako umenifukuza kazi,” akasema Kibwana, mdomo ukicheka upande mmoja.

“Nipishe basi, nirudishe ya zamani. Nakala ninayo.”

Kibwana hakusogea. “Iache.”

“Niiache? Na kadi za harusi za watu utazipanga na nini, na ulimi?”

“Iache hivyo hivyo, mama. Ukinirudishia ya kushoto, huu wa kulia utajua hausubiriwi tena.”

Daktari alikuwa amemwambia Mwaja peke yake, mlangoni, kwamba mkono ule hautarudi. Hakumwambia; akaiacha mipangilio ilivyo.

Kibwana akaunyanyua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza juu ya vitufe taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyeanza kusinzia. Kisha kidole cha kushoto kikabonyeza kitufe chake, kikakishikilia.

Skrini ikabaki tupu. Mwaja akasimama nyuma ya kiti, naye akikikodolea macho kile kidole kingine.