Kumi na Nane Kamili

Mlango wa chuma uligongwa tena kutoka ndani, mara tatu, kwa unyonge kuliko mwanzo.

"Vumilia, Ngongoti, vumilia baba!" Mama Mizani alipiga kelele.

Miaka ishirini alikuwa anapima kuku kwenye ghala hili, na kompyuta kwake ilikuwa ya kuandikia kilo tu, kwa kidole kimoja. Leo bosi kasafiri, wenzake wameshaondoka, na Ngongoti, mpakiaji, hajaonekana tangu alipoingia chumba cha baridi na toroli. Msaada uliobaki ni sauti ya mwanawe kwenye simu.

Mwanawe ndiye aliyeiandikia mashine ya kugandisha programu mpya. Aliiwasha mchana huu, akamuaga mama yake, akasema anawahi basi. Hata begi lake alilisahau chini ya meza. Mzembe yule yule tangu ananyonya.

Sasa kapiga simu kusema kuna mtu kafungiwa chumba cha baridi. Kajuaje, hakueleza. Watoto wa kompyuta wanajua mengi.

"Si nizime umeme tu?"

"Hapana, Mama! Kufuli litabaki limebana. Mpaka programu iseme fungua. Nenda mstari wa arobaini na mbili."

"Nimeuona. Joto, sawasawa mbili, hasi kumi na nane."

"Hapo ndipo nilipoharibu. Nimeiambia iache kugandisha na ifungue mlango joto likiwa hasi kumi na nane kamili. Limeruka, Mama. Limetoka hasi kumi na saba na nusu, likatua hasi kumi na nane na nusu. Hiyo kamili mashine haikuiona. Sasa itagandisha mpaka kiama."

Kwenye kioo cha kompyuta: −26.

"Mbona maneno yanakatikakatika?"

"Mtandao, Mama. Futa sawasawa moja. Kabla ya iliyobaki weka alama ya ndogo kuliko. Ncha inatazama kushoto."

Kidole kikasimama hewani. Ishirini na sita iwe ndogo kuliko kumi na nane? Nani amwambie hivyo, yeye aliyezeeka na mizani? Mtoto kapagawa kwa hofu, akawaza. Akaweka ile yenye ncha kulia. Akabonyeza.

Mashine ikazidi kunguruma. −28.

Mlango haukugongwa tena.

"Mama." Sauti ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Umeweka ipi?"

"Ya... ya kubwa kuliko."

"Chini ya sifuri mizani imepinduka, Mama. Baridi ikizidi, namba inapungua. Nakuomba."

Hajamsikia akiomba hivyo tangu siku walipomzika baba yake.

"Usilie, mwanangu. Ngongoti hafi, mtu mwenyewe mrefu vile, baridi itachukua wiki kumpanda."

Mwanawe hakucheka.

Mama Mizani akafuta. Ncha kushoto, sawasawa moja. Ndogo kuliko, au sawa na. Alisoma herufi moja moja kama anayesoma dua, machozi yakidondokea vitufe, kisha akabonyeza.

Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Kufuli likalia *ka!*

"Limefunguka! Mwanangu, limefunguka!"

Simu ilikuwa imeshakatika.

Akainuka mbio, na mlangoni mwa ofisi akagonga paji la uso kwenye kifua cha jitu refu lenye taulo begani.

"Mama Mizani, umekimbizwa na kuku?" Ngongoti akamshika mabega. "Nilikuwa naoga huko nyuma. Kulikoni?"

Mama Mizani alimtazama juu mpaka chini. Akabonyeza namba ya mwanawe amuulize: basi aliye humo ndani ni nani?

Simu iliita sikioni mwake. Na iliita nyuma ya mlango wa chuma, ndani ya ukungu mweupe.

Mlio wa tano, ikapokelewa.