Nyundo Mbele ya Mteja

"Plastiki ni plastiki tu," baba mdogo alimwambia mteja, akilipapasa tangi jipya la maji. "Hili litawazika wajukuu zako."

Fundi, binti wa kaka yake, alijua ni unga gani wa plastiki uliomwagwa kwenye kalibu ya tangi hilo kabla haijazungushwa ndani ya tanuri. Ulikuwa wa ndoo kuukuu zilizosagwa. Asubuhi aliukataa, akaambiwa afunge mdomo.

Sasa alichukua nyundo.

"Usinitie aibu, mwanangu!"

"Aibu umeipika mwenyewe, baba mdogo."

Alipiga mara moja. Ufa ulipanda kutoka kitakoni hadi mdomoni, ukialika kama kuni kavu.

Kisha alimpeleka mteja kwenye tangi la pili, la unga aliouchagua yeye, akamkabidhi nyundo.

"Gonga, mama. Gonga kwa hasira."