Oda ya Samaki Warefu

“Kila samaki mrefu ni ndugu yake mkunga wa baharini? Basi tutie kwenye kundi hilo na mpira wa kumwagilia bustani!”

Chumba cha mkutano kiliangua kicheko. Daktari alipenda kuwachekesha watu kwa mgongo wa mwenzake. Kiburi kilimjaa mpaka kwenye tai.

Mwenzake huyo alikuwa Mzee wa Mitungi, mtunza samaki wa makumbusho waliohifadhiwa mitungini kwa spiriti, aliyemaliza ujana wake akiwapanga samaki warefu katika oda moja, yaani kundi moja la kindugu, kwa kutazama mifupa yao. Daktari alitaka kuivunja oda hiyo kwa vinasaba. Ikivunjika, chumba cha mitungi kingekuwa chake, na mzee angefungasha virago.

“Mifupa ya taya haidanganyi,” mzee alisema.

“Macho yako ndiyo yanakudanganya, mzee wangu. Undugu hautazamwi kwa macho.”

Juzi tu walikuwa wamemgombania samaki mmoja mtungini kwa mikono mitupu, kila mmoja akitaka kukikata mwenyewe kipande cha kupelekwa maabara, mpaka spiriti ikawarukia. Daktari alishinda, bila shaka. Mzee akamwambia avae koti, maabara kuna baridi. Kisha, kama kawaida yake, “Msalimie mama.”

Daktari alisonya. Mama yake alimlea peke yake, wala hakuwa na haja ya salamu za mpangusa mitungi.

Sasa fundi wa maabara aliingia na majibu.

“Soma kwa sauti,” Daktari alimwamuru. “Wasikie wote.”

“Sampuli imechafuka, Daktari. Vinasaba vya samaki havisomeki. Vilivyojaa humu ni vya watu. Wanaume wawili.”

“Ni mimi na huyu. Si unaona, hata glavu havai!” Yeye mwenyewe hakuvaa, lakini nani angethubutu kumkumbusha? “Tutarudia. Angalau mashine inajua kutofautisha samaki na mtu. Kuna mzee hapa bado anajifunza.”

Wakacheka tena. Mzee aliinamisha kichwa, na Daktari akaona raha.

“Kuna jingine?” aliuliza.

Fundi alisitasita. “Lipo. Mashine imewalinganisha hao wanaume wawili.”

“Enhe?”

“Inasema ni baba na mwanawe.”

Kicheko kilikatika. Katika chumba kizima, ni Mzee wa Mitungi peke yake ambaye hakushtuka.