Sifuri ya Atuganile

Kila mtoto alikuwa na kidude sikioni kilichomfundisha peke yake, kwa kiwango chake, kwa sauti ya Mwalimu Salome Kihwele mwenyewe. Mwalimu alikaa mbele ya darasa, kimya, akisubiri matokeo. Sheria ilimruhusu kumfundisha kwa mdomo aliyepata sifuri tu, na kwa miaka sita hakuna aliyeipata. Alitamani hata vumbi la chaki.

Jumatano, akipitia majaribio ya hesabu za sehemu, moyo ulimruka. Atuganile alikuwa amekosa maswali yote kumi.

Alimwita mezani mbio mbio, akatoa chungwa la chakula chake cha mchana.

"Nikilikata vipande vinne sawa, nikala kimoja, kinabaki nini, mwanangu?"

"Robo tatu, Mwalimu," mtoto alijibu kabla kisu hakijagusa ganda.

Mwalimu akarudi kwenye karatasi. Kila jibu lilikuwa limezidi jibu sahihi kwa nusu kamili. Kukosea kwa mpangilio namna ile kulitaka mtu anayejua yote.

"Mbona ulifanya hivi?"

Atuganile alichomoa kidude sikioni. "Kila asubuhi nakiamkia shikamoo. Hakiitikii."

Mwalimu aliweka karatasi chini. "Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Alipaswa kuripoti udanganyifu. Badala yake aliandika: Bado hajaelewa.

Ijumaa, watoto wote thelathini na wanane walipata sifuri. Mwalimu Salome aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, kisha akaanza kutafuta chaki.